Ada ya shule za sheria Marekani (JD): anayelipa bei kamili ni nani?

Kibwebwe (mleta uzi), Houston

Wakuu, habari za jioni. Kila ikifika Septemba simu yangu haitulii. Mtoto wa fulani kamaliza digrii ya kwanza, anataka kusoma sheria Marekani, kafungua tovuti ya chuo, kaona tarakimu, kakata tamaa. Au mwingine kaona picha ya wanafunzi wa kila rangi wamekaa kwenye majani wanacheka, chini pameandikwa kwamba darasa ni la watu wa asili mbalimbali, akaamini nafasi yake ipo inamsubiri. Naandika uzi huu ili nikiulizwa tena nitume linki tu.

La jina tulimalize haraka. JD, yaani Juris Doctor, ndiyo digrii ya kawaida ya sheria kule. Ni miaka 3, na unaisoma ukishakuwa na digrii nyingine yoyote. Zamani iliitwa LLB kama ya kwetu. Chicago walianza kutoa JD mwaka 1902, Yale wakaja kubadilisha 1971. Mwenye JD haitwi Dokta, na akikulazimisha umwite hivyo, msamehe. Udaktari wa utafiti ni SJD au JSD. Hao ni wachache mno na wengi wao hupitia LLM, yaani shahada ya uzamili ya sheria, kwanza. Hapa tunaongelea JD.

Sasa pesa. Harvard, ada peke yake imevuka dola 75,000 kwa mwaka. Weka chumba, chakula, bima ya afya na vitabu, umepita 110,000. Zidisha mara tatu: 330,000. Tukikadiria dola moja kwa shilingi 2,500, ni milioni 825 za Kitanzania, na hapo hujapanda ndege. Columbia haijapishana sana na hiyo. Upande wa pili ipo CUNY, chuo cha umma pale Queens, New York, ambako mkaazi wa jimbo analipa ada ya kama dola 15,000 kwa mwaka. Mtoto wa Columbia na mtoto wa CUNY wanakutana kwenye mtihani uleule wa uwakili wa New York.

Lakini hiyo bei ya tovuti ni kama bei ya Kariakoo kabla hujafungua mdomo. Takriban wanafunzi watatu kati ya wanne wa JD wanapata punguzo la ada kutoka chuoni, dogo au kubwa. Kwa hiyo swali la "chuo hiki ni bei gani" halina jibu moja. Kwenye dawati moja anaweza kukaa anayelipa dola 60,000 na jirani yake anayelipa sifuri, mwalimu mmoja, kitabu kimoja.

Punguzo linagawanywaje? Wengi wetu tunadhani linamwendea asiye nacho. Hapana. Vyuo vingi havitazami mfuko wa mzazi, vinatazama alama ya LSAT, mtihani wa kuingilia unaoanzia 120 na kuishia 180, pamoja na GPA, yaani wastani wa alama za digrii ya kwanza. Kuna orodha ya ubora ya jarida la U.S. News, na kwa miaka mingi alama ya kati ya LSAT ya darasa ilikuwa na uzito mkubwa humo. Chuo kikitaka kupanda kwenye orodha, kinawanunua wenye alama za juu kwa punguzo. Na pesa ya kuwanunua, kwa vyuo visivyo na akiba nene, inatoka sehemu kubwa kwenye ada ya wale ambao hawakupata punguzo. Yaani wenye alama za chini zaidi, darasani humohumo.

Na hao wa alama za chini ni akina nani? LSAT ni mtihani wa kujifua. Mwenye pesa analipia kozi, analipia mwalimu binafsi, anaacha kazi miezi mitatu ajisomee. Anayefanya zamu ya usiku hospitalini anasoma kwenye basi. Ripoti za LSAC, ambao ndio wenye mtihani, zilionyesha miaka ya 2010 kwamba wastani wa Wamarekani weusi ulikuwa karibu 142 na wa wazungu karibu 153. Mwaka 2016 LSSSE, wanaofanya utafiti wa maoni ya wanafunzi wa sheria, walitoa ripoti nzima juu ya jambo hili: wanafunzi weusi, Walatino, na wale ambao wazazi wao hawakufika chuo, ndio waliokuwa na nafasi ndogo zaidi ya kupata punguzo la ada linalotolewa kwa alama.

Kwa Kiswahili cha nyumbani: mtoto wa dereva anamchangia ada mtoto wa daktari bingwa. Halafu wote wawili wanapigwa picha moja, chuo kinajisifu kuwa kina mchanganyiko. Ndiyo maana mimi nikisikia chuo kinatangaza asilimia za rangi za wanafunzi wake, swali langu la pili huwa ni moja tu. Kati ya hao, wangapi wanalipa bei kamili?

Wapo wanaokwenda tofauti. Yale, Harvard na Stanford wanatoa msaada kwa uhitaji. Mwaka 2022 Yale walitangaza kufuta ada yote kwa wanafunzi wanaotoka familia zilizo chini ya mstari wa umaskini wa serikali, na Novemba ya mwaka huohuo Yale na Harvard wakajitoa siku moja kwenye orodha ya U.S. News, moja ya malalamiko yao ilikuwa hiyohiyo, kwamba orodha inavisukuma vyuo kumwaga pesa kwenye alama badala ya kwenye shida. Baadaye uzito wa LSAT ukapunguzwa. Mtindo wa punguzo umebaki. Tena ni rahisi kuwa mwema ukiwa na akiba. Mwaka 1947 kampuni ya tambi ya Mueller ilinunuliwa kwa faida ya shule ya sheria ya NYU, ikaja kuuzwa miaka ya 1970 kwa dola milioni 115. Tambi zimesomesha mawakili! Vyuo vingi havina kiwanda cha tambi, vina ada tu.

La kufanya: kila shule iliyothibitishwa na ABA, chama cha mawakili cha Marekani, inalazimika kuweka hadharani fomu inayoitwa Standard 509. Mpya hutoka Desemba. Humo kuna jedwali la punguzo: wangapi hawapati hata senti, wangapi wanapata chini ya nusu ya ada, wangapi nusu kwenda juu, wangapi ada yote. Kuna idadi ya walionyang'anywa punguzo kwa kushuka alama. Kuna jedwali la wanafunzi kwa kundi la rangi, na la walioacha njiani. Usisome jedwali moja ukafunga, yasome kwa pamoja.

Maswali karibuni.

Siti ya Mbele

Nimeshakaa. Wajuzi waje.

Mama Wawili, Mbeya

Kaka, asante kwa nondo. Kijana wangu anamaliza LLB pale Mzumbe na JD imemkaa kichwani. Baba yake ameshaanza kuongea na mnunuzi wa shamba la parachichi. Naomba kujua, hakuna mkopo wa huko huko? Kama Bodi ya Mikopo yetu hivi?

Kibwebwe

Dada yangu, shikamoo kwa baba watoto, na shamba libaki hapohapo.

Mwenye LLB mara nyingi hahitaji JD. LLM ni mwaka mmoja badala ya mitatu, na New York inawapokea kwenye mtihani wa uwakili watu wenye LLB kutoka nchi za mfumo wa Kiingereza kama yetu. Anapeleka vyeti vikatathminiwe. Wengine huruhusiwa moja kwa moja, wengine huambiwa waongeze LLM. Tathmini ifanyike kabla ya kulipa chuo chochote hata dola moja. LLM ya chuo kikubwa nayo si rahisi, ada yake inakaribia ya mwaka mmoja wa JD, lakini kuna Fulbright na misaada ya vyuo.

Mkopo wa serikali ya Marekani haumhusu mtu wa viza ya masomo. Benki binafsi kwa kawaida zinataka mdhamini mwenye uraia au grini kadi. Na mjomba wa Marekani anayekubali haraka kusaini dola laki tatu, muulize mara mbili kama ameisoma karatasi. Pia kabla ya kupewa I-20 ya kuombea viza, lazima muonyeshe pesa ya mwaka wa kwanza ipo. Akirudi Bongo, Law School of Tanzania kwa kawaida inamsubiri vilevile.

Wakili Msomi Njaa, Dar

Mleta mada unaongea vizuri ila umeegemea upande mmoja. Mahakama yao ya Juu ilishasema rangi isitumike kuchagua wanafunzi. Ni sawa kabisa. Mtu aingie kwa alama zake. Mimi nimeingia sheria kwa pointi, hakuna aliyeniuliza kabila. Sasa tatizo liko wapi mwenye alama akipewa punguzo? Kajituma.

Kibwebwe

Mkuu, heshima yako. Kesi unayoisema ni ya SFFA (Students for Fair Admissions, kundi linalopinga rangi kutumika kuchagua wanafunzi) dhidi ya Harvard, hukumu ya tarehe 29 Juni 2023. Ilizima mlango uliofunguliwa na kesi ya Grutter mwaka 2003, iliyohusu shule ya sheria ya Michigan, ambapo Jaji O'Connor aliandika kwamba anatarajia baada ya miaka 25 upendeleo wa rangi usihitajike tena. Haikufika 25.

Matokeo yake tuliyaona msimu wa 2024. Harvard Law, wanafunzi weusi wa mwaka wa kwanza walishuka kutoka 43 hadi 19. Walatino kutoka 63 hadi 39. Kwa wanaokumbuka California haikuwa mpya. Jimbo lilipopiga marufuku upendeleo wa rangi kwa kura ya 1996, darasa la mwaka wa kwanza la sheria pale Berkeley mwaka uliofuata lilikuwa na mwanafunzi mmoja mweusi, na huyo alikuwa amekubaliwa mwaka uliotangulia akaahirisha.

Sikatai hoja ya kujituma. Ninachosema, usiniambie alama ni ya kujituma peke yake wakati kuna soko zima la kuziuza. Na hata ukikubali waingie kwa alama tu, suala la nani amlipie nani bado halijajibiwa. Kuingia ni jambo moja, bei ni jambo lingine.

Kwa mnaoomba: hukumu ileile, iliyoandikwa na Jaji Mkuu Roberts, inasema mwombaji anaruhusiwa kueleza jinsi rangi ilivyogusa maisha yake, mradi apimwe yeye kama yeye. Hivyo insha ya maombi imekuwa na uzito kuliko zamani. Usiandike "natoka Afrika, nimeona shida". Andika ulichofanya.

Mkamba wa Machakos

Wadau, mleta mada anaishi Houston na hajataja kwamba hapo kuna shule ya sheria inaitwa Thurgood Marshall, ya Texas Southern. Huyo mzee, wakili aliyekuja kuwa jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama ya Juu ya Marekani, ni wetu kiasi. Alizaliwa Baltimore, na chuo cha sheria cha Maryland kilikuwa hapo karibu na kwao, lakini hakikuchukua weusi. Ikabidi awe anasafiri kila siku hadi Howard, Washington. Ada? Mamake aliweka rehani pete zake za ndoa na uchumba. Akamaliza 1933 akiwa wa kwanza darasani. Halafu yeye na mwalimu wake Charles Hamilton Houston wakarudi kushtaki chuo kilekile cha Maryland kwa niaba ya kijana mwingine, Donald Murray, na wakashinda. Leo maktaba ya sheria ya Maryland ina jina lake.

Sasa yetu: mwaka 1960 Tom Mboya alimwalika awe mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya kwenye mkutano wa katiba kule Lancaster House, London. Akatuandalia rasimu ya haki za msingi, na ndani yake alitaka hata walio wachache, Wazungu na Wahindi, walindwe. Kwa hivyo hizi habari za nani aingie shule ya sheria si za kina Harvard peke yao.

Na kwa wale wa SJD, Makau Mutua alifukuzwa Chuo Kikuu cha Nairobi kwa siasa, akakimbilia Tanzania, akasoma sheria Mlimani, akaenda Harvard akapata SJD 1987. Baadaye akawa mkuu wa shule ya sheria ya Buffalo. Mkamba mwenzangu, lazima nimtaje.

Kibwebwe

Umenitoa jasho, boss. Basi niongeze la hapa. Shule hiyo ya Texas Southern ilizaliwa kwa ujanja. Mwaka 1946 mbeba barua wa Houston, Heman Sweatt, aliomba nafasi shule ya sheria ya University of Texas. Jimbo likaona heri lijenge shule nyingine ya weusi kuliko kumpokea. Marshall akaipeleka kesi hadi Mahakama ya Juu, na Juni 1950 majaji wote wakasema shule hiyo ya kando haiwezi kulingana na ile: walimu, maktaba, jina, watu utakaojuana nao. Sweatt akaingia. Mwaka 1952 akaacha, afya imeharibika, ndoa imevunjika, hakumaliza. Wengi husimulia ushindi wa 1950 wakaishia hapo. Mimi huo mwaka wa 1952 ndio unaonikaa. Mlango ulifunguliwa, na ndani hakuwa na wa kumshika mkono.

Shule iliyojengwa ili kumkwepa ndiyo leo inatoa mawakili weusi na Walatino wa Texas kwa wingi. Shule za sheria kwenye vyuo vya kihistoria vya weusi zipo sita nchi nzima: Howard, Texas Southern, North Carolina Central, Southern ya Baton Rouge, FAMU ya Florida na UDC ya Washington. Tano kati ya hizo ni za umma, na kwa mkaazi wa eneo husika ada zake ni sehemu ndogo ya za kina Columbia.

Bukavu Iowa

Wandugu, salamu sana. Mimi ni mtu wa Bukavu, nilipita Nyarugusu kambini mbele ya kuletwa huku. Nafanya kazi kiwandani ya nyama, namalizia digrii usiku. Watu wanasema mkimbizi hawezi kupewa mkopo wa sheria. Ni kweli? Na ule wimbo wa mikopo kukatwa mwaka huu wa 2026 ni nini?

Kibwebwe

Karibu sana ndugu. Waliokwambia hivyo wamekupoteza. Mwenye hadhi ya ukimbizi, aliyepewa hifadhi, na mwenye grini kadi, wote wanastahili mikopo ya serikali. Unajaza FAFSA, fomu ya kuombea msaada wa masomo wa serikali, kama raia. Uliza pia LSAC juu ya msamaha wa ada ya LSAT kabla hujalipa chochote.

Kuhusu kukatwa. Tangu 2006 kulikuwa na mkopo wa Grad PLUS: unakopa hadi gharama yote ambayo chuo kimesema, hata iwe 110,000. Sheria iliyosainiwa 4 Julai 2025 imeufunga kwa wakopaji wapya kuanzia 1 Julai 2026. Sasa mwanafunzi wa sheria ana kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Waliokuwa wameshaanza wana kipindi cha mpito.

Piga hesabu. Chuo cha 110,000, serikali inakupa 50,000. Hizo 60,000 utazipata kwa baba au kwa benki binafsi. Benki inatazama historia yako ya mikopo na mdhamini. Wanaotetea sheria hii wanasema vyuo vilipandisha ada kwa sababu mkopo haukuwa na dari, sasa vitashusha. Inawezekana vingine vitashusha. Ila mimi sioni chuo kikishusha bei Julai na mtoto wa mkimbizi akaingia Agosti. Kwa miaka ya mwanzo atakayekosa nafasi ni yeye, na kwenye jedwali la rangi itaandikwa tu kwamba idadi imepungua.

Kwako wewe: tafuta shule ya umma ambayo ada na maisha vinaingia ndani ya 50,000. Kuna mpango wa msamaha kwa watumishi wa umma, PSLF, wa tangu 2007: malipo 120, yaani miaka 10, kinachobaki kinafutwa. Wakili anayelipwa na serikali kuwatetea washtakiwa wasio na uwezo, mwendesha mashtaka, mashirika yasiyo ya faida yanayostahili, wote wamo.

Wakili Msomi Njaa

Sasa hapo tumeelewana. Kwa nini basi watu wanajiua na Harvard? Asome CUNY alale salama.

Kibwebwe

Kwa wengi ndiyo, mkuu. Ila mishahara ya mawakili wapya Marekani ina vilima viwili. Kampuni kubwa zinaanzia dola 225,000 kwa mwaka. Halafu kuna bonde, halafu kilima cha pili cha 60,000 hadi 90,000 ambako wamejaa wengi. Kampuni zile za kilima cha kwanza zinachota zaidi kwenye vyuo vichache vya juu. Kwa hiyo anayepewa msaada wa kutosha Harvard aende mbio. Anayetakiwa kulipa bei kamili kwenye chuo cha katikati, chenye ada ya Harvard na ajira za kilima cha pili, huyo ndiye namwombea. Huko ndiko watoto wetu wengi wanakonaswa, kwa sababu barua ya kukubaliwa ilikuja na maneno matamu.

Bukavu Iowa

Asante sana mukubwa. Nikipewa punguzo dogo, naweza kuomba waongeze ao ni kukosa adabu?

Kibwebwe

Omba. Wanategemea uombe, na watoto wa wenye nazo wanaomba wote. Omba kwenye vyuo kadhaa ili uwe na barua zaidi ya moja mkononi. Andika fupi: unawashukuru, ungependa kwenda kwao, chuo fulani kimekupa kiasi fulani, unaomba wakuangalie tena. Ambatisha barua ya hicho chuo kingine. Fanya hivyo kabla ya kulipa amana ya kushika nafasi, ukishalipa huna tena cha kujadiliana nacho. Wakiongeza, uliza kwa maandishi kama punguzo lina sharti la GPA au la kushika nafasi fulani darasani. Alama za madarasa ya sheria zinapangwa kwa mkunjo (curve), yaani kila mmoja anapimwa kwa kulinganishwa na wenzake, kwa hiyo lazima wawepo wa chini hata wote wakisoma hadi alfajiri. Likiwa na sharti, fungua 509 ya chuo hicho uone mwaka uliopita waliwanyang'anya wangapi.